Kadi Ikilowa, Majibu Hudanganya

Hii ni hotuba niliyotoa Kisumu mbele ya wakunga, wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii na wazazi wa watoto wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopindisha seli nyekundu za damu. Mvua iliwazuia wengi wa Nyakach na wa Budalangi, ndiyo maana naiweka hapa nzima. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa mwenyekiti, madaktari, masista, wakunga, wahudumu wa afya ya jamii, akina mama na akina baba mliokuja na watoto wenu, hamjambo?

Wa nyuma hawajaitika. Hamjambo?

Haya. Mwenyekiti ameninong'oneza kwamba nina nusu saa, na amesema hivyo kwa upole wa mtu anayejua kuwa sisi wa maabara tukipewa kipaza sauti hatukirudishi. Nitajitahidi.

Sikuja kuwafundisha kutoboa kisigino cha mtoto. Hilo mnalijua kuliko mimi; mimi mtoto akilia hivi natafuta mlango. Nimekuja kuzungumzia kile kisichosemwa sana kwenye mafunzo: kadi, ile karatasi ya chujio tunayokaushia matone ya damu ya mtoto ili apimwe, ikishapata damu, halafu? Inakaa wapi? Inalala wapi leo usiku, kesho na kesho kutwa, kabla haijafika kwenye mashine? Maana mashine yetu, hata iwe ya mamilioni, inapima kile kilichoifikia. Haipimi kile kilichotoka kwenye kisigino.

Nianze na sababu ya sisi watu wa ziwa kushughulishwa na jambo hili.

Mwaka 1949 kijana mmoja mwanafunzi wa udaktari, Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, alizunguka nchi hii akichukua damu za watu wa jamii mbalimbali. Alipokuja kwetu kandokando ya Ziwa Victoria, na alipokwenda Pwani, alikuta wenye jeni ya selimundu ni wengi, kuanzia watu 20 katika kila 100 na kuendelea. Alipopanda nyanda za juu, hakufikisha hata mmoja katika 100. Nchi moja, mwaka mmoja, na tofauti ni kubwa hivyo. Kwa nini? Alijiuliza palipo na mbu wengi ni wapi. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi wake: anayerithi jeni moja ya selimundu hulindwa kwa kiasi fulani dhidi ya malaria kali. Basi malaria ndiyo iliyotuachia jeni hii. Anayerithi moja amepata ngao. Anayerithi mbili, moja ya baba na moja ya mama, amepata ugonjwa.

Sasa nisikilizeni hapa. Mtoto mwenye selimundu akizaliwa haonyeshi kitu. Analia vizuri, ananyonya vizuri, uzito wake ni mzuri, bibi anamsifu. Damu yake bado imejaa himoglobini F, yaani aina ya kibeba oksijeni aliyoitumia tumboni, ambayo haipindishi seli. Miezi inasonga, F inashuka, S, ile ya selimundu, inapanda, na siku moja mama anaona vidole vya mikono na miguu vimevimba, mtoto analia akiguswa. Wengi hawafiki hata hapo. Wanaondoka na homa ya siku moja, na nyumbani inasemwa ni malaria, au inasemwa mambo mengine ambayo wakunga mnayajua.

Na dawa ipo! Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 uliwapa watoto wadogo wenye selimundu penisilini ya kunywa kila siku. Maambukizi makali ya bakteria wa nimonia yakapungua kwa asilimia 84. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima penisilini wale wa kundi la pili. Penisilini, ndugu zangu. Si dawa ya kuagizwa kutoka mwezini. Baadaye kuna dawa nyingine, haidroksiyurea, ambayo imejaribiwa kwa watoto wa Kiafrika, wakiwemo wa Kilifi, matokeo yakachapishwa mwaka 2019, na imeonekana inawafaa. Lakini penisilini inatakiwa ianze mapema, mtoto akiwa na miezi miwili hivi. Utaianzaje kwa mtoto usiyemjua?

Utamjua kwa kadi.

Kadi hii mnayoishika si ya leo. Mapema miaka ya 1960, mjini Buffalo, jimbo la New York, mtaalamu wa bakteria aitwaye Robert Guthrie alikuwa na kijana wake mwenye ulemavu wa akili, na mpwa wake alikuwa na ugonjwa uitwao PKU. Ugonjwa huo humfanya mtoto ashindwe kuvunjavunja kitu kimoja kilichomo kwenye protini, fenilalanini. Kikijaa mwilini kinaharibu ubongo. Chakula maalumu kinauzuia, lakini lazima kianze mapema. Guthrie akaona kwamba tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi ya chujio linatosha. Alikata kiduara kidogo cha karatasi ile, akakiweka kwenye sahani yenye bakteria. Wakiota kukizunguka, fenilalanini imezidi. Rahisi hivyo. Na kwa kuwa damu ilikuwa kavu, haikuhitaji barafu wala gari maalumu. Ilikwenda kwa posta, ndani ya bahasha.

Hapo ndipo uzuri wa kadi ulipo, na hapo hapo ndipo tunapojidanganya. Tunaona imekauka, tunasema imekufa, haitabadilika tena. Itabaki vilevile mwezi, miwili, mpaka dereva apatikane. Sivyo!

Ninyi wa kanda hii mnaijua kadi hii kwa njia nyingine. Kwa miaka mingi mmekuwa mkipima nayo watoto wa wiki sita waliozaliwa na akina mama wenye virusi vya UKIMWI, zikisafirishwa kwenda maabara za Kisian, Alupe, Kericho, Eldoret. Kwa hiyo mikono mnayo. Tatizo ni kwamba kipimo kile kilituzoesha vibaya. DNA ni ngumu. Unaweza kuitesa kadi kidogo na DNA bado ikasomeka. Tukadhani kila kilichomo kwenye tone lile ni kigumu kama DNA. Si kweli. Tone moja lina wakazi wengi, na kila mkazi ana umri wake. Kuna wa miaka. Kuna wa wiki. Kuna vimeng'enya, zile protini zinazoendesha kemia ya mwili, ambavyo siku chache za hewa mbaya zinatosha kuvimaliza.

Hewa mbaya ni ipi? Nikiwauliza, wengi mtasema joto. Kisumu ni joto, kwa hiyo kadi inaharibika kwa joto. Niliwahi kusema hivyo hivyo chuoni, na mwalimu akanipa alama.

Mwaka 2011 wataalamu wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, walichapisha jaribio zuri sana. Walichukua madoa ya damu wakayaweka yote kwenye nyuzi joto 37, kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Sehemu moja ikakaa kwenye hewa kavu, unyevu chini ya asilimia 30. Sehemu nyingine ikakaa kwenye unyevu uliozidi asilimia 50. Wakapima vitu zaidi ya 30 vinavyotumika kuchunguza watoto wachanga. Joto ni lile lile. Siku ni zile zile. Kilichotofautiana ni unyevu peke yake. Madoa ya hewa kavu, vitu vingi vilipungua kidogo tu. Madoa ya hewa yenye unyevu, vitu vingi vilianguka vibaya. Kwa hiyo adui wa kwanza ni maji. Joto ni adui, sikatai, lakini joto likikosa maji halifiki mbali.

Sasa jiulizeni: unyevu wa hewa ya Kisumu saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Aprili, ni asilimia ngapi? Dirisha likiwa wazi na ziwa linakupumulia usoni? Wa Nakuru na Gilgil mna vumbi lenu, mna baridi yenu, lakini kwa hili mmetuzidi bahati.

Waliokulia ufukweni watanielewa upesi. Omena ikianuliwa ikiwa mbichi kwa ndani, ikafungwa gunia, kuna anayehitaji kuambiwa itakuwaje? Juu imekauka, inang'aa, unaifunga unajipongeza. Baada ya siku chache ukifungua gunia, majirani wanajua. Kadi nayo ni hivyo, isipokuwa haina harufu ya kukuonya. Tone la damu likianza kukauka hubadilika kutoka wekundu mbichi kwenda wekundu wa kahawia, na hubadilika pembeni kwanza. Katikati hubaki mbichi. Mtu mwenye haraka anatazama pembeni, anasema tayari, anaifungia kwenye mfuko wa plastiki. Maji yaliyobaki katikati hayana pa kwenda. Yanarudi kwenye damu. Bakteria wanaamka, ukungu unaota, kemia inaanza kazi.

Kwa hiyo, masista: kukausha kadi kwa muda wa saa tatu ni kima cha chini. Kima cha chini! Kadi ilazwe bapa, isiguse kitu juu wala chini ya miduara, mbali na jua, mbali na jiko, mbali na feni inayorusha vumbi. Msiipulize kwa mdomo. Nimeona ikipulizwa. Msiiweke juu ya mtungi wa kuchemshia vyombo eti ikauke upesi. Joto la namna hiyo linaigandisha damu kwenye karatasi na kwetu haitoki tena. Msimu wa mvua iacheni ilale hadi asubuhi kwenye kitundio, kama mnavyofanya na zile za wiki sita, ndani ya kabati linalopitisha hewa na lisilopitisha mende. Mende wanapenda damu kuliko sisi wa maabara.

Halafu tone liwe moja kwa kila duara, upande mmoja, lipenye hadi nyuma. Msirudie tone juu ya tone. Sisi tunakata kipande cha milimita 3 hivi, chenye mikrolita 3 hivi za damu, na hesabu zetu zote zinaamini kwamba kipande hicho kina damu ya kiasi hicho. Ukiongeza tone la pili juu, umetupa damu mara mbili na hatuna namna ya kujua.

Ikishakauka kabisa, ndipo mfuko. Ndani ya mfuko, silika jeli, vile vijifuko mnavyovikuta kwenye kiboksi cha viatu vipya, na ile kadi ndogo ya kuonyesha unyevu. Ya bluu ikigeuka waridi, silika imechoka. Ibadilishwe. Msiitazame tu mkasema imependeza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonileta. Kadi iliyoharibika haisemi "sijui." Ingekuwa inasema "sijui", mimi ningelala usingizi. Kadi iliyoharibika inatoa jibu, na jibu lile ni la uongo, na uongo wake hauelekei upande mmoja.

Chukueni kimeng'enya cha GALT, kinachopimwa kumtafuta mtoto asiyeweza kutumia sukari ya maziwa. Au G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu, ambacho upungufu wake unapatikana kwetu kwa sababu ile ile ya malaria. Hivi tunavipima kwa kuangalia kama vinafanya kazi. Kadi ikilowa, vinakufa. Mashine inaona havifanyi kazi. Inaandika: mtoto huyu ana ugonjwa. Mtoto mzima anaitwa mgonjwa, mama anaambiwa aache kunyonyesha, nyumba nzima inalia, kumbe aliyekufa ni kimeng'enya ndani ya bahasha.

Geuzeni upande wa pili. Kuna magonjwa tunayoyatafuta kwa kuangalia kitu kilichozidi. Fenilalanini imezidi, au zile asilikanitini zinazoonyesha mtoto hawezi kuchoma mafuta mwilini. Kadi ikikaa vibaya, asilikanitini zinavunjika, zinageuka kanitini ya kawaida. Kilichozidi kinashuka mpaka kinafanana na cha watu wote. Mashine inaandika: mzima. Na huyu hatutamwita tena, kwa sababu aliyeambiwa mzima hatafutwi na mtu.

Upi mbaya zaidi? Wa kwanza unaleta machozi na nauli ya bure. Wa pili unaleta kaburi. Lakini niwaambie, wa kwanza nao ukirudiarudia, akina mama wanaacha kutuamini, na hapo tumewapoteza wote.

Na selimundu je? Himoglobini ina uvumilivu, ndiyo maana tunaweza kuipima kwa kadi. Ila nayo inazeeka. Doa linakuwa la kahawia iliyokolea, damu inashikamana na karatasi, ukiiloweka haitoki vizuri. Kwenye jeli yetu, inayotenganisha aina za himoglobini, tunatarajia mistari: F, halafu A, ile ya kawaida, au S. Kwa mtoto mchanga mstari wa F ni mnene, na ule wa A au S ni mwembamba mno, mwembamba zaidi akizaliwa kabla ya siku zake. Kadi ya zamani inaleta utando, mistari inatambaa, vivuli vinajitokeza. Sasa kile ni kivuli au ni A? Swali hilo dogo ndilo linalomtenga mtoto mwenye ngao na mtoto mwenye ugonjwa.

Msimu mmoja wa masika tulipokea bahasha kutoka kituo kimoja, sitakitaja. Ilikuja kwa boda boda, mvua ikiwa haijakatika. Nje ilikuwa imefungwa vizuri kwa selotepu. Ndani, kadi zilikuwa zimefungwa pamoja kwa raba bendi, uso kwa uso, silika imegeuka waridi zote. Zilikuwa zimekusanywa wiki kadhaa "zitimie." Hilo neno "zitimie" sitaki kulisikia tena. Doa la mtoto mmoja lilikuwa limechapa kwenye kadi ya mwenzake. Mtoto wa tatu toka juu alionyesha F na utando. Tukaandika: sampuli haifai, irudiwe. Simu ya mama haikupatikana. Alikuwa amerudi kwao upande wa Muhoroni. Aliyempata ni mhudumu wa afya ya jamii, aliyeuliza kwa mzee wa mtaa, akaelekezwa kwa shangazi, akaelekezwa shambani. Kadi ya pili ikasoma F na S, hakuna A: ni selimundu. Mtoto yule alikuwa ameshapita mwezi wa tatu bila penisilini. Yuko hai, namshukuru Mungu. Yule mhudumu yuko ukumbini leo na amenikataza kumsimamisha, kwa hiyo mpigieni makofi bila kumwona.

Kuhusu friza niseme kwa ufupi, kwa sababu kila mtu akisikia neno kuhifadhi anaomba friza. Kadi ya kukaa muda mrefu, ndiyo, iwe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na silika yake ndani. Lakini ukiitoa usiifungue papo hapo. Iache ndani ya mfuko mpaka ipate joto la chumba. Ukifungua mfuko baridi ndani ya hewa ya Kisumu, umande unatua juu ya kadi mbele ya macho yako. Umeitunza mwaka mzima kwenye baridi, umeilowesha kwa dakika moja. Na zahanati ambayo stima inapotea kila jioni, afadhali kadi ikae kavu kabatini siku mbili kisha isafiri, kuliko kugandishwa na kuyeyushwa kila siku.

Wazazi, mmeniuliza pale nje: damu ya mtoto wangu mnaiweka kwa nini, na mpaka lini? Hilo ni swali la haki kabisa, na sisi wa maabara tumezoea kulikimbia.

Denmark imetunza kadi za watoto wake tangu mwaka 1982. Sweden tangu 1975. Mwaka 2003 waziri wa mambo ya nje wa Sweden, Anna Lindh, alichomwa kisu dukani mjini Stockholm akafariki, na polisi wakapewa sampuli ya mshukiwa iliyochukuliwa alipozaliwa. Mwaka uliofuata tsunami ikaua watu Asia, wakiwemo watalii wa Sweden, na nchi ile ikabadilisha sheria kwa muda ili kadi zile zile zitumike kutambua maiti. Jimbo la Texas, Marekani, halikuwaomba wazazi ruhusa. Wazazi wakaenda mahakamani mwaka 2009, na jimbo likakubali kuteketeza zaidi ya kadi milioni 5.

Mnaona mambo hayo? GALT imekufa ndani ya siku chache, DNA ipo baada ya miaka 40. Kadi iliyokwisha kutuambia tulichotaka bado ina mengi ya kusema juu ya mtoto, na juu ya baba yake pia, nyamazeni basi! Kwa hiyo maoni yangu, na ni yangu mimi: mama aambiwe kabla ya kutobolewa mtoto, kwa lugha yake, kadi itakaa wapi, miezi mingapi, na nani ataifungua. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, isiishie kwenye kompyuta za mabenki. Kadi ya kuthibitisha jibu itunzwe. Kadi ya utafiti iombewe ruhusa yake peke yake. Tukificha, watu watasema tunauza damu, na nani atawalaumu?

Nimalizie na maombi, na ya kwanza yanakwenda kwa wenzetu wa kaunti waliokaa mstari wa mbele. Mkiandika bajeti ya uchunguzi wa watoto wachanga msiandike mashine tu. Andikeni silika jeli. Andikeni mifuko isiyopitisha hewa. Andikeni nauli ya boda boda, mara mbili kwa wiki, hata kama bahasha ina kadi mbili. Kipengele hicho ndicho kinachofutwa kwanza kila mwaka, nami kila mwaka napokea kadi zilizongoja zitimie.

Kwenu wauguzi, tarehe. Tarehe na saa ya kuzaliwa, tarehe na saa ya kuchukua damu, na kama mtoto ameongezewa damu, iandikwe, maana nitakuwa napima himoglobini ya mtu mwingine. Kadi isiyo na tarehe sijui umri wake, na nisipojua umri wake sijui nimwamini mkazi yupi ndani yake.

Pale mezani karibu na mlango nimeweka kadi za mfano, za damu yangu mwenyewe. Moja imekaushwa vizuri, moja ilifungwa ikiwa mbichi, moja nimeiacha dirishani wiki nzima ya mvua. Nendeni mzitazame mbele na nyuma, mniambie ipi ni ipi kabla hamjasoma maandishi. Shikeni pembeni, msiguse miduara. Maswali tutayachukua pale pale tukingoja chai.